Bunduki, Kigae na Jiko: Kasoro Huzaliwa Wapi?

Majira ya baridi ya 1826 kuingia 1827, tume ya jeshi la Marekani ilikwenda Harpers Ferry, jimboni Virginia, kukagua bunduki za mtu aitwaye John Hall. Wakaguzi walichukua bunduki 100 zilizoundwa 1824, wakazifumua zote, wakavichanganya vipande vyake, halafu wakavifunga upya kwenye vitako vipya vya mbao. Vikakaa. Leo mtu hununua plagi ya pikipiki Kariakoo akaifunga bila kujiuliza imetoka kiwanda gani, kwa hiyo si rahisi kuona ukubwa wa tukio lile. Hadi siku hizo bunduki ilikuwa kazi ya fundi na tupa yake. Kila kipande kilisuguliwa mpaka kikubaliane na jirani yake, na kikivunjika vitani hakikuwa na mbadala ila kurudi kwa fundi.

Wazo lenyewe halikuwa la Hall peke yake. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiiwakilisha nchi yake Paris, alitembelea karakana ya fundi bunduki Mfaransa Honoré Blanc, akaunga kwa mikono yake mitambo ya kufyatulia kwa vipande alivyookota ovyo, kisha akaandika barua nyumbani kueleza alichokiona. Eli Whitney alifanya maonyesho kama hayo mbele ya wakubwa wa Washington mwaka 1801, lakini bunduki zake zilizosalia zimechunguzwa na ikaonekana vipande vyake havibadilishani. Hall ndiye aliyelifikisha jambo mwisho wake, na namna alivyolifikisha ndiyo inayonifanya nianze na yeye.

Alikuwa na vipimio, yaani geji, zaidi ya 60 kwa ajili ya bunduki moja. Kila hatua ya kazi ilikuwa na geji yake, kipande kinapita au hakipiti. Hilo ndilo linalosimuliwa sana. Linalosimuliwa kidogo ni uamuzi alioufanya kabla ya chuma chochote kukatwa: kila kipande kilipewa nukta moja, na vipimo vyote vya kipande hicho vilianzia hapo. Fundi anayetoboa tundu la pili kwa kupima kutoka tundu la kwanza, na la tatu kwa kupima kutoka la pili, hubeba kosa dogo la kila hatua na kuliongezea linalofuata, na likifika tundu la sita limekuwa kosa kubwa ingawa hakuna mahali alipozembea. Ukipima yote kutoka nukta moja, kosa la tundu la pili hubaki la tundu la pili. Mfanyakazi ni yuleyule, mkono ni uleule, lakini kasoro zimepungua kwa sababu mchoro umebadilika.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Watu wengi, wenye viwanda wakiwamo, huamini kwamba kasoro huzaliwa pale mkono unapoteleza, na kwa hiyo dawa yake ni mkono makini, msimamizi mkali na mkaguzi mlangoni. Mimi naamini kasoro nyingi huwa zimeshazaliwa siku msanifu alipochora, na mkono wa mfanyakazi huzitoa tu hadharani. Tamaduni tatu za utengenezaji ninazozilinganisha hapa, ya Marekani, ya Japani na ya kwetu Afrika Mashariki, zimelijua jambo hili kwa njia tofauti, na kila moja imelisahau kwa njia yake.

Marekani waliirithi geji kuliko walivyoirithi nukta. Viwanda vya karne ya 19 vilijifunza polepole, na kwa gharama, kulazimisha vipande vifanane. Hata kampuni ya Singer, ambayo cherehani zake zimeshona kanzu na kanga kutoka Lamu hadi Kigoma, iliendelea kutumia mafundi wenye tupa wa kusugua vipande vipatane mpaka miaka ya 1880, ilhali ilikuwa tayari muuzaji mkubwa kuliko wote duniani. Kisha ikaja enzi ya uzalishaji wa wingi, na ubora ukageuka idara: chumba mwishoni mwa mstari wa kazi ambamo watu hupima, hukubali na hukataa. Mwaka 1924 Walter Shewhart, akifanya kazi kampuni ya Western Electric, aliandika waraka mfupi wenye mchoro uliokuja kuitwa chati ya udhibiti, ili kiwanda kiweze kutenganisha tofauti za kawaida, ambazo hazikosekani, na tofauti zenye chanzo maalumu kinachoweza kutafutwa na kuondolewa. Ilikuwa hatua kubwa ya fikra. Hata hivyo chati husoma kinachotoka kwenye mashine. Haiulizi kwa nini kitu kimesanifiwa hivi kwamba tofauti ndogo inakiharibu.

Geji, ukiitegemea peke yake, ina udhaifu mwingine, nao ulifichuliwa na televisheni. Aprili 1979 gazeti la Asahi la Japani liliandika kuhusu seti za Sony zilizoundwa kwa mchoro mmoja katika viwanda viwili, kimoja San Diego na kingine Japani. Wanunuzi wa Marekani walipendelea zile za Japani. Cha ajabu ni kwamba kiwanda cha San Diego hakikuruhusu hata seti moja kutoka nje ya mipaka ya rangi iliyowekwa, na kile cha Japani kiliruhusu kama tatu katika kila elfu. Tofauti ilikuwa ndani ya mipaka. Seti za San Diego zilitawanyika kuanzia mpaka hadi mpaka, nyingi zikichungulia ukingoni, ilhali za Japani zilisongamana katikati, karibu na rangi iliyokusudiwa. Aliye ukingoni kwa ndani na aliye ukingoni kwa nje wanakaribia kulingana, lakini geji humwita mmoja mzima na mwingine mbovu. Mama aliyekaa sebuleni akitazama uso wa mtangazaji hana geji. Anaona tu kwamba rangi si yenyewe.

Wajapani hawakufika hapo kwa siku moja, wala hawana njia moja. Naona tatu, na inasikitisha kwamba kwetu mara nyingi huchanganywa zote zikawa neno moja, kaizen, yaani uboreshaji wa hatua kwa hatua.

Ya kwanza ni ya mvumbuzi Sakichi Toyoda. Mwaka 1924 yeye na wenzake walikamilisha mtambo wa kufumia nguo wa Aina ya G, ambao uzi ukikatika husimama wenyewe. Kabla ya hapo uzi ukikatika bila kuonekana, mtambo uliendelea kufuma nguo mbovu mita baada ya mita, na ndiyo maana kila mtambo ulihitaji macho ya mtu karibu. Uwezo wa kusimama ulipoingizwa ndani ya mtambo wenyewe, mtu mmoja aliweza kuangalia mitambo 30 na zaidi. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, nchi iliyoufundisha ulimwengu kufuma kwa mashine, ilinunua haki za mtambo huo.

Ya pili ni ya mhandisi Shigeo Shingo, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1961 alielezwa shida ya kiwanda cha Yamada Denki kilichokuwa kikiunga swichi ndogo yenye vitufe viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Chini ya kila kitufe hukaa springi moja. Wafanyakazi walichota springi kutoka sanduku lenye mamia, wakaweka moja, wakaweka ya pili, wakafunika. Mara mojamoja mtu alisahau ya pili, na swichi ikifunikwa haionyeshi. Kilio kikatoka kwa mteja, wafanyakazi wakakemewa, wakajitahidi kwa wiki kadhaa, kisha tatizo likarudi. Shingo aliweka kisahani mbele ya kila mfanyakazi. Kazi ikaanza hivi: chukua springi mbili, ziweke kwenye kisahani, sasa zitoe kwenye kisahani uziingize kwenye swichi. Ukimaliza na kisahani bado kina springi, swichi uliyoshika haijakamilika. Hakuna aliyeambiwa awe makini zaidi. Kusahau kulibaki kuwa tabia ya binadamu, ila sasa kulionekana kabla kifuniko hakijafungwa.

Napenda kuweka kisahani hicho kando ya kazi ya Geoffrey Boothroyd, Mwingereza aliyefundisha Marekani, ambaye pamoja na Peter Dewhurst alijenga mfumo wa kusanifu vitu ili viungike kwa urahisi. Boothroyd angekitazama kisahani cha Shingo akauliza swali la nyuma zaidi: hiyo springi ni ya nini? Mfumo wao hukihoji kila kipande maswali matatu. Je, kipande hiki husogea kikilinganishwa na vingine? Je, ni lazima kiwe cha malighafi tofauti? Je, kikiunganishwa na jirani yake, haitawezekana kuunga au kufungua kitu? Kama majibu yote ni hapana, kipande hicho hakina sababu ya kuwa peke yake. Kiunganishwe na jirani yake, na hapo hakitasahauliwa tena, hakitageuzwa nyuma mbele, hakitaagizwa cha ukubwa usiofaa. Mwaka 1985 IBM ilitoa printa ya Proprinter, iliyosanifiwa kwa fikra za namna hiyo ili iungwe na roboti, vipande vikinasana bila skrubu. Printa ya Kijapani iliyotangulia sokoni ilihitaji zaidi ya dakika 30 kuungwa, Proprinter ilihitaji chini ya 3. Ikawa rahisi kiasi kwamba hata roboti wenyewe hawakuwa wa lazima, kwani mtu aliweza kuiunga kwa mikono mitupu.

Kwa hiyo Marekani nao walirudi kwenye mchoro, kwa mlango mwingine. Lakini nina neno kuhusu vipande vinavyonasana. Kiwanda kinavifurahia, ila fundi wa redio au wa simu mtaani anajua upande wa pili wa hesabu: kulabu ya plastiki iliyosanifiwa kufungwa mara moja huvunjika siku inapofunguliwa. Katika nchi ambamo kitu kinatarajiwa kufunguliwa mara nyingi katika maisha yake, skrubu moja iliyoachwa kwa makusudi ni ubora, hata kama inaongeza sekunde kiwandani. Swali la tatu la Boothroyd linataja kufungua, na hapo ndipo wasanifu wengi hupita haraka.

Njia ya tatu ya Japani ni ya mhandisi Genichi Taguchi, na kwangu ndiyo yenye kina kuliko zote. Taguchi alizaliwa 1924 Tokamachi, mji unaojulikana kwa ufumaji wa kimono. Mwaka 1953 majaribio yaliyokuja kumpa jina yalifanyika kwenye kampuni ya vigae ya Ina. Kampuni ilikuwa na tanuri refu la handaki, lililonunuliwa Ujerumani Magharibi kwa fedha nyingi, ambamo vigae vilipita vikiwa vimepangwa marundo juu ya magari. Joto halikufika sawa. Vigae vya nje ya rundo vilitoka na vipimo tofauti na vya ndani, na karibu theluthi moja ilikuwa mbovu.

Mtu wa geji angeajiri wakaguzi zaidi. Mhandisi wa kawaida angelibomoa tanuri na kulijenga upya ili joto lilingane, kazi ya gharama kubwa. Taguchi na wenzake waliliacha tanuri kama lilivyo, wakauliza iwapo upo mchanganyiko wa udongo usiojali joto limekuwaje. Walichagua mambo saba ya mchanganyiko, kiasi cha mawe ya chokaa, ukubwa wa chembe, kiasi cha feldispa na mengineyo, kila moja katika hali mbili. Ukijaribu mseto wote unahitaji majaribio 128. Kwa jedwali lililopangwa kwa hesabu maalumu walifanya 8 tu, kila moja likipitishwa kwenye tanuri lilelile baya, na vigae vya kila sehemu ya rundo vikapimwa. Jibu lilikuwa chokaa. Kuipandisha kutoka asilimia 1 hadi 5 kulishusha vigae vibovu kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya asilimia 1, na chokaa ilikuwa malighafi ya bei ya chini kuliko nyingine. Joto la tanuri liliendelea kutofautiana kama zamani, ila vigae viliacha kulitii.

Wanatakwimu wa Magharibi, George Box akiwa mmoja wao, walizikosoa baadhi ya hesabu zake, hasa pale zinapofumbia macho namna mambo mawili yanavyoweza kuathiriana. Ukosoaji huo una haki, lakini haulifuti wazo. Wazo nalo halikuwa la Japani tupu. Majedwali hayo yana mizizi kwenye majaribio ya mashamba ya Ronald Fisher huko Rothamsted, Uingereza. Taguchi mwenyewe alikaa India, kwenye Taasisi ya Takwimu ya India jijini Calcutta, mwaka 1954 hadi 1955. Mwaka 1980 alialikwa kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, nyumba ileile iliyomlea Shewhart, ambaye mafunzo yake yalikuwa yamepelekwa Japani na mwanatakwimu W. Edwards Deming mwaka 1950. Anayezungumzia ubora wa Kijapani kama damu ya kabila fulani hajafuatilia safari hizi.

Wahenga wetu walisema udongo uwahi ungali maji. Husemwa kuhusu malezi ya watoto, lakini ni maneno ya wafinyanzi, na wafinyanzi ndio ninaowaweka mbele ninapofika kwetu.

Mwangalie mwanamke anayefinyanga vyungu, iwe ni Wakisi wa Ikombe kandokando ya Ziwa Nyasa au ni wafinyanzi wa Pemba. Anachoma kwenye moto wa wazi, kuni na nyasi juu ya vyungu. Hana mlango wa tanuri wala kipimajoto. Upande wa upepo huwaka kwa nguvu, upande wa kisogo hufuka moshi, na chungu kimoja kinaweza kupokea joto tofauti kabisa mgongoni na tumboni. Tanuri la Ina, pamoja na ubaya wake, lilikuwa la kistaarabu mno ukililinganisha na moto huu. Naye hajaribu kuutawala moto, anautawala udongo. Anachukua donge, analiviringisha kati ya viganja mpaka liwe kama kidole, analikunja. Likipasuka mgongoni halina mnato wa kutosha. Likikunjika laini lakini likamnata viganjani, litanywea mno wakati wa kukauka. Anaongeza mchanga, au vigae vya vyungu vilivyovunjika ambavyo amevitwanga, na chembe hizo ngumu hupunguza kunywea, huruhusu mvuke kutoka, na huzuia ufa mdogo usikimbie. Kisha umbo. Kitako cha chungu cha kupikia ni cha mviringo, na mafiga matatu hukishika vizuri hata kikiwa hakikulingana. Kitako bapa kingekuwa na pembe pale kinapokutana na ukuta, na ufa hupenda kuanzia kwenye pembe. Mviringo hauna mahali pa kuanzia.

Hayo yote ni usanifu dhidi ya kasoro, na msingi wake ni uleule wa 1953: usipigane na tofauti usizoweza kuzitawala, tengeneza kitu kisichozijali. Sisemi hivi ili kumtangaza mfinyanzi kuwa alimtangulia Taguchi na hadithi ikaishia hapo. Kuna kitu Taguchi alikuwa nacho ambacho mfinyanzi hana, nitakifikia. Kwanza jiko.

Baada ya mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi Agosti 1981, watu kadhaa Kenya walitafuta jiko la kuokoa mkaa. Walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lililojaa udongo tangu juu hadi chini, wakalioanisha na jiko la bati lililokuwa likitengenezwa na mafundi wa jua kali, wale wa Shauri Moyo, Nairobi, wakiwa mbele. Kilichotoka ni jiko linalojulikana leo kila mji wa Afrika Mashariki: juu pana, kiuno chembamba, chini pana tena, na bakuli la udongo wa kuchomwa katika nusu ya juu pekee. Sehemu isiyopungua robo ya kitako cha bakuli hutobolewa matundu ya kama sentimeta 1.5 ili hewa ipande na majivu yashuke.

Kiuno hicho wengi hukiona kuwa ni urembo. Mimi nakisoma hivi. Udongo ukikauka na kuchomwa hunywea, mara nyingi kwa takriban sehemu moja ya kumi, na hakuna mabakuli mawili yanayonywea sawasawa, kwa kuwa maji ya leo si ya jana. Bati nalo hutoka kwenye mapipa chakavu, hili nene, lile jembamba. Kama jiko lingekuwa silinda, bakuli likizidi kidogo lisingeingia, na likipungua kidogo lingecheza na kugonga mpaka lipasuke. Fundi angehitaji geji kwa bakuli na geji kwa bati, na angetupa sehemu kubwa ya kazi yake. Lakini nusu ya juu ni mdomo wa faneli. Bakuli likiwa kubwa kidogo hukaa juu kidogo, likiwa dogo kidogo hushuka kidogo. Kosa la upana limegeuzwa kuwa kosa la kimo, na kosa la kimo halimsumbui mpishi. Mwanya unaobaki hujazwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, ambao unashika na wakati huohuo unatoa nafasi, kwa sababu bati likipata moto hutanuka zaidi ya udongo. Hakuna mkaguzi katika hadithi hii. Umbo ndilo linalosamehe.

Ukiziweka tamaduni hizi pamoja unaona kila moja inaliweka kosa mahali pake. Hall analikataa mlangoni, ingawa mchoro wake ulishaanza kulizuia. Toyoda na Shingo wanalifanya lijitangaze. Boothroyd analinyang'anya mahali pa kukaa. Taguchi, mfinyanzi na fundi wa jiko wanaliacha litokee na kulinyima madhara. Sioni sababu ya kuzipa zote alama sawa. Kwa karakana yenye umeme unaokatika, malighafi inayobadilika kila wiki na vijana wanaojifunza kazi wakiwa kazini, kundi hili la mwisho ndilo lenye msaada mkubwa, maana ndilo pekee lisilodai kwanza mazingira yatulie.

Sasa lile alilokuwa nalo Taguchi. Mfinyanzi anajua kwamba mchanga husaidia, lakini amejua kwa viganja, na viganja havisafiri. Fundi wa pili akiiga jiko huiga kinachoonekana. Ataona kiuno, atakikata. Ataona matundu, atayatoboa mengi zaidi ili moto uwake kwa kasi, na kitako kitadhoofika. Ataona ukuta wa udongo, ataufanya mwembamba ili apate mabakuli mengi kwa mkokoteni mmoja, na atauchoma kidogo kwa sababu kuni ni ghali. Majiko ya namna hii yapo kila soko, yanapasuka mapema, na mnunuzi hulaumu jiko zima. Aliyeiga hakuwa mzembe. Alipewa umbo bila kupewa sababu zake, na jedwali la majaribio ndiyo njia ya kuandika sababu ili mtu asiyekujua azisome.

Taasisi zetu hazijalijaza pengo hilo. Shirika la viwango la Kenya lilianzishwa 1974, la Tanzania mwaka uliofuata kwa sheria ya 1975, na kazi ya nembo ya ubora ni ya lazima; nani anataka nondo au maziwa yasiyopimwa? Lakini nembo ni geji. Hukuta kitu kimekwisha kutengenezwa. Kutoka Japani nako tulichopokea kwa wingi ni S tano, yaani hatua tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, ambazo hospitali zetu zimezijua tangu miaka ya 2000, na kaizen ya kupanga sakafu ya kazi, ambayo Tanzania imeifundisha viwandani kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Nimeona karakana zilizopata faida ya kweli: zana zina mahali, njia ziko wazi, muda haupotei kutafuta spana. Ila sakafu iliyofagiliwa haibadilishi mchoro mbaya. Jiko lenye bakuli jembamba litapasuka hata likitengenezwa kwenye karakana safi kuliko zote za Gerezani, Dar es Salaam.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinawezekana. Chukua karakana inayotengeneza mabakuli ya majiko. Ina maswali saba mbele yake: mchanga kiasi gani, chembe zake kubwa au ndogo, maji mengi au kidogo, ukuta mnene au mwembamba, kukausha kivulini siku chache au nyingi, matundu mengi au machache, kingo za matundu zilizokwanguliwa mviringo au zilizoachwa na pembe. Hayo ni mambo saba yenye hali mbilimbili, na kwa jedwali kama lile la Taguchi ni mafungu manane tu ya kazi. Kila fungu lichomwe kwenye moto ule wanaoutumia siku zote, mabakuli mengine katikati na mengine ukingoni, kwa makusudi, ili moto ufanye ubaya wake wote. Yakitoka yawashwe mkaa, yakiwa mekundu yamwagiwe maji kama uji unavyofurika jioni nyumbani, kisha nyufa zihesabiwe. Vinavyohitajika ni udongo, kuni walizokuwa wanunue kwa vyovyote, daftari lenye mistari, na mwalimu wa chuo cha ufundi cha VETA au wa chuo kikuu aliye tayari kukaa na mafundi mpaka jedwali lieleweke, bila kuwaondoa kwenye kazi yao.

Kila karakana itabidi ifanye ya kwake. Udongo wa mto huu si wa mto ule, na huenda mahali pamoja jibu likawa mchanga, pengine likawa kingo za matundu, na pengine ikaonekana kwamba ukuta mnene uliokuwa ukilipiwa kuni nyingi haukuwa na kazi yoyote. Kwenye daftari, safu ya mwisho iachwe kwa ajili ya gharama, maana fundi atalisoma jedwali zima akianzia hapo, na ana haki ya kufanya hivyo.